Buti la Mwingereza na Mguu wa Askari

Wazee wa mwambao na wa visiwani bado wanaikumbuka meli iliyoitwa Uganda. Iliundwa Glasgow, ikaanza safari zake mwaka 1952, na pamoja na mwenziwe, Kenya, ilikuwa ikitoka London kupitia Suez na Aden hadi Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, kisha ikaendelea kusini hadi Beira. Mwaka 1967 iliondolewa katika njia hiyo ikageuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi. Wachache katika wale waliowahi kuipungia mikono gatini wanajua kazi iliyokuja kuifanya mwaka 1982. Aprili ya mwaka huo ilikuwa katika bahari ya Mediterania, imejaa watoto wa shule, ilipoamriwa iwashushe Naples. Ikapelekwa Gibraltar, ikapakwa rangi nyeupe na misalaba myekundu, ikaelekezwa kusini ya Atlantiki kuwa hospitali ya vita vya Falkland, visiwa ambavyo Waajentina huviita Malvinas.

Meli hiyo ilitibu majeruhi zaidi ya 700, Waingereza na Waajentina. Wengi walikuja na majeraha ya risasi, ya mabomu na ya moto. Lakini walikuwapo pia watu ambao adui hakuwagusa. Hawakuweza kusimama, miguu yao ilikuwa imevimba na kufa ganzi, na kidole kikiguswa hawakujua kama kimeguswa. Ukikitazama kiatu kilichowafikisha hapo, ungekikuta kizima: soli yake haijalika, mishono yake haijaachia.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulizungumza. Sisi husema kiatu hudumu, lakini mtu hustahimili, na lugha yetu imefanya vyema kutenga maneno hayo mawili. Kudumu kwa kiatu hupimwa ghalani, kwa miezi inayopita kabla ya soli kung'oka na kwa fedha zinazolipwa kuipata nyingine. Kustahimili kwa askari hupimwa usiku, anapovua soksi. Historia ya mabuti ya jeshi la Uingereza, kwa kadiri nionavyo, ni historia ya hesabu hizi mbili kufanywa na watu mbalimbali, na aghalabu ile ya kwanza ikipewa nguvu juu ya ya pili.

Tuanze na mfano mdogo. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 viatu vya askari wa Uingereza vilishonwa bila ya kulia wala kushoto. Jozi moja ilikuwa viatu viwili vinavyofanana, na askari aliamrishwa avibadilishe kila siku, cha leo mguu huu, kesho mguu ule, ili visiliwe upande mmoja. Izingatieni amri hiyo. Ngozi ikitaka kufuata umbo la mguu, ilizuiwa isifanye hivyo. Mguu ndio uliotakiwa kujifunza umbo la kiatu. Na hili lilitendeka katika jeshi ambalo jemadari wake mkuu, Wellington, anasimuliwa kuwa alisema askari anahitaji kwanza jozi ya viatu vizuri, pili jozi nyingine ya viatu vizuri, na tatu soli za akiba.

Vita vya Crimea vilidhihirisha zaidi. Katika baridi ya 1854 na 1855, mbele ya Sevastopol, matope yalivuta soli zikabaki ardhini na mtu akaendelea na kipande cha juu. Viatu vingi vilikuwa vidogo. Mguu uliovimba kwa maji na baridi ulipoingia humo haukutaka kutoka, na askari waliogopa kuvivua usiku kwa kujua kwamba asubuhi havitavalika tena. Basi walilala navyo, na miguu ikaozea ndani.

Waliovishona nao walikuwa na yao ya kusema. Mji wa Northampton, katikati ya Uingereza, umeishi kwa ushonaji wa viatu tangu zamani; mwaka 1642 mafundi wake walipewa kazi ya kutengeneza jozi 4,000 za viatu na 600 za mabuti kwa ajili ya jeshi. Kazi ya serikali ilikuwa neema na balaa kwa pamoja, kwani bei ilishuka kila mkandarasi alipotaka kumshinda mwenzake. Mwezi Mei mwaka 1905 mafundi 115 wa kijiji cha Raunds, katika mkoa huohuo, waliotengeneza mabuti ya jeshi, waligoma kwa sababu makandarasi hawakulipa ujira uliokubaliwa, wakaamua kwenda London kwa miguu hadi kwenye Wizara ya Vita. Waliongozwa na James Gribble, mtu wa chama cha wafanyakazi aliyewahi kuwa askari, naye aliwapanga safu kama kikosi na wao wakamwita Jenerali. Alipofika Bunge alipiga kelele kutoka kwenye jukwaa la wageni hata akatolewa nje. Kwangu mimi, haya ni maandamano yenye maana ya pekee: waliowavisha watu wa kutembea walilazimika wenyewe kutembea ili wasikilizwe. Fundi aliyepunjwa hana sababu ya kuongeza mshono ambao hakuna atakayeuona, na wahenga wametuambia kuwa rahisi ni ghali.

Buti walilolishona ndilo lililojulikana kwa miaka mingi kama amunisheni, kwa kuwa hapo kale lilitoka katika idara ileile iliyotoa baruti na risasi. Lilikuwa buti fupi la kufika juu kidogo ya kifundo cha mguu, ngozi nene, soli ya ngozi iliyopigwa misumari yenye vichwa vinene, na kisigino kilichofungwa chuma mfano wa kwato ya farasi. Kwa namna mbalimbali lilivaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi karibu na 1960. Hakuna kiatu kilichosifiwa na kulaaniwa kwa pamoja kama hiki. Kilidumu, hilo hapana anayekataa. Soli ikilika iliondolewa ikatiwa nyingine, misumari ikipotea ilipigwa mipya, na buti moja liliweza kuzaliwa mara tatu mikononi mwa fundi wa kikosi. Lakini majuma ya mwanzo yalikuwa adhabu. Ngozi ilikuwa ngumu kama ubao, ikakata kisigino na kutoa malengelenge, na kila kizazi cha askari kilikuwa na dawa yake: kupaka mafuta mazito usiku na mchana, kuliloweka maji na kutembea nalo hadi likauke mguuni, na wengine, kwa ushauri wa wakongwe wa kambini, kulimiminia mkojo. La gwaride lilikuwa na ibada yake mbali. Kwa kijiko kilichopashwa moto askari alilainisha vipele vya ngozi, kisha kwa kitambaa, rangi na mate alisugua duara ndogondogo, saa baada ya saa, mpaka aone uso wake kwenye ncha ya kiatu.

Misumari ilikuwa na mengine. Kwenye majani na udongo ilishika vizuri, lakini juu ya jiwe laini au sitaha ya chuma iliteleza. Ilipitisha baridi ya ardhi moja kwa moja hadi kwenye unyayo. Na ilikuwa na sauti. Wapenzi wa ushairi watajua kuwa Rudyard Kipling alitoa mwaka 1903 shairi lililoitwa kwa jina la mabuti, kuhusu askari wa miguu katika vita vya Afrika Kusini, na mizani yake yote ni mizani ya hatua: neno moja hurudiwa na kurudiwa hadi msomaji mwenyewe achoke kichwani. Mtu anaweza kuwa na maneno yake kuhusu siasa za Kipling, nami ninayo, lakini katika shairi lile alitega sikio chini, karibu na ardhi, akasikia kitu ambacho majemadari juu ya farasi hawakukisikia.

Vikaja vita vya 1914. Katika mahandaki ya Flanders na Ufaransa, majira ya baridi ya kwanza peke yake yaliwaangusha maelfu kwa maradhi yaliyopewa jina la mguu wa handaki. Si barafu inayoleta maradhi haya. Yatosha mguu kukaa katika maji baridi kwa saa nyingi, umebanwa na umetulia. Mishipa ya damu hujikunja, mguu huwa mweupe na kufa ganzi, na ukipata joto huvimba, huwa mwekundu na kuuma kama unaochomwa. Wengine walikatwa vidole, wengine miguu, na wapo waliopona kwa macho tu huku neva zikiuma miaka yote iliyosalia. Jeshi lilijifunza. Askari walipangwa wawili wawili, kila mmoja akimsugua mwenzake miguu kwa mafuta ya nyangumi. Soksi kavu zilipelekwa mstari wa mbele pamoja na chakula. Ofisa alitakiwa kupiga magoti na kukagua nyayo za watu wake. Idadi ya wagonjwa ikapungua sana. Liwekeni akilini jambo hili, kwa kuwa miaka 65 na ushei baadaye litaonekana kama halikupata kujulikana.

Tukiwa bado katika vita hivyo, hatuna budi kutazama huku kwetu, maana hapa swali la buti liliulizwa kwa namna nyingine: ni mguu wa nani unaostahili kiatu? Askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita KEYA, walikwenda vitani wengi wao peku, au kwa ndara, wakiwa na vitambaa vilivyozungushwa kwenye miundi kana kwamba kuna kiatu chini yake. Wakubwa waliamini kuwa unyayo wa Mwafrika umekwisha kujitengenezea soli, na imani hiyo ilikuwa na faida ya kupunguza gharama. Wapagazi walikuwa na hali mbaya zaidi. Mamia ya maelfu walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Afrika Mashariki, na makadirio ya waliokufa hufika kiasi cha 95,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yamebaki kuwa kumbukumbu yao. Kwa mtu anayetembea majuma mengi na mzigo kichwani, mwiba au funza halikuwa jambo dogo. Kidonda cha mguu kilimtoa katika safu, na nje ya safu hapakuwa na chakula wala daktari.

Katika vita vya pili mambo yalibadilika. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopelekwa Burma mwaka 1944, ikapita bonde la Kabaw wakati wa masika na kufika Mto Chindwin huko Kalewa mwezi Desemba, askari wake walikuwa na mabuti. Mguu uliokulia peku una vidole vilivyotanuka, nalo buti la Kiingereza lilikatwa kwa kalibu nyembamba. Mwenye kujua mateso ya kiatu kipya ataelewa bila ya kuelezwa. Hata hivyo buti lilikuwa heshima, na aliyerudi nalo kijijini alitazamwa. Lugha haikulipokea kwa heshima hiyohiyo. Tukisema leo kuwa fulani kapigwa buti, maana yake amefukuzwa au ameachwa, na katika msemo huo sisi tuko upande wa anayepigwa.

Turudi Uingereza. Ilipokaribia 1960 amunisheni lilianza kustaafishwa, na mahali pake likaja buti lililojulikana kwa herufi tatu, DMS. Siri yake ilikuwa soli ya mpira iliyomiminwa na kugandishwa kwa joto moja kwa moja kwenye ngozi ya juu, bila ya uzi wala msumari. Kwa mtu wa ghala hii ilikuwa ndoto. Halikuhitaji fundi, halikupiga kelele, soli yake ilichukua muda mrefu mno kulika, na lilitoka kiwandani upesi. Kasoro zake zilikuwa pale ambapo karatasi za ghala hazina safu ya kuziandika. Lilikuwa fupi, likiishia kwenye kifundo, na ili kuziba pengo kati ya buti na suruali askari alizungusha kitambaa cha sufi, kile ambacho Waingereza walikirithi India pamoja na jina lake, patti, yaani bendeji. Ngozi ya juu ilikunywa maji, na ikishakunywa haikuyaachia kwa urahisi. Katika kambi za Ulaya, ambako askari hurudi jioni penye moto, kasoro hizo zilivumilika.

Falkland hakukuwa na pa kurudi jioni. Tarehe 21 Mei 1982 Waingereza walishuka San Carlos, mwanzo wa majira ya baridi ya kusini. Mpango ulikuwa helikopta kubwa ziwavushe hadi karibu na mji wa Stanley. Tarehe 25 meli ya mizigo Atlantic Conveyor ilipigwa na makombora, na helikopta tatu za Chinook zikateketea humo. Basi ikawa ni miguu. Kikosi cha 45 Commando na kile cha 3 Para kilivuka kisiwa kwa kutembea, kilomita zipatazo 90 kwa wengine, wakiwa na mizigo iliyofika kilo 36 na zaidi. Ardhi ile ni ya mboji iliyolowa kama sifongo, yenye vichuguu vya majani vinavyopinda kifundo na mito ya mawe yanayoteleza, na ilibidi wavuke vijito kwa miguu. Buti la DMS lilijaa maji siku ya kwanza, na kwa wengi halikukauka mpaka Waajentina waliposalimu amri tarehe 14 Juni.

Walifanya walichoweza. Soksi zilizolowa walizikausha kwa joto la miili yao, wakizitia kwapani au tumboni walipolala. Wengine walilala na mabuti, wakiogopa yasigande usiku, na hivyo wakarudia bila ya kujua hofu ya watu wa Crimea. Wenye bahati walikuwa na mabuti waliyojinunulia kabla ya safari. Na wapo waliotazama miguu ya mateka, kwani mabuti ya Waajentina yalikuwa marefu na yalizuia maji vizuri zaidi, wakayachukua. Hata ya wafu yalivuliwa. Mimi huona aibu kwa niaba ya serikali yoyote ambayo askari wake aliyeshinda humvua viatu askari aliyeshindwa. Walioangushwa na miguu yao walipelekwa kwenye ile meli nyeupe, na wengi wasiohesabiwa waliendelea kutembea wakiwa wagonjwa, kwa kuwa kuugua miguu hakukuonekana kuwa kuumia.

Baada ya vita jeshi lilileta buti refu, na vitambaa vya miundi vikaachwa. Hilo nalo katika toleo lake la mwanzo lililaumiwa kwa kuumiza mshipa mkubwa wa nyuma ya kisigino. Kisha ukaja mtihani wa upande wa pili, wa joto, na ulikuja Oman, nchi ambayo wengi wetu tuna jamaa huko. Mnamo Septemba na Oktoba 2001 Waingereza zaidi ya 20,000 walifanya mazoezi pamoja na jeshi la Oman yaliyopewa jina Saif Sareea, upanga mwepesi. Mchanga uliziba vichujio vya vifaru, na mabuti ya baadhi ya askari yakaharibiwa na joto. Mkaguzi wa hesabu za serikali aliyaeleza matatizo ya mazoezi hayo katika ripoti ya Agosti 2002. Miezi michache baadaye vita vya Iraq vikaanza, Machi 2003, na ripoti nyingine ya ofisi hiyohiyo, ya Desemba mwaka huo, ikataja upungufu wa mavazi na mabuti ya jangwani. Aliyekuwa Oman hakushangaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hapa waliokilalia walisema, na yakaandikwa.

Mwaka 2012 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilitangaza mabuti mapya ya rangi ya kahawia, ya aina tano kwa mazingira mbalimbali, na askari akaweza kuchagua linalomfaa. Yalikatwa pia kwa kalibu mbili, ya mguu wa mwanamume na ya mguu wa mwanamke. Baada ya karne nyingi za mguu kufuata kiatu, hatua hiyo si ndogo, nami naisifu bila ya kinyongo.

Hesabu nyingine bado zinafanywa. Mwaka 2009 madaktari wa jeshi hilo walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika na Karibea waliumizwa na baridi mikononi na miguuni mara nyingi mno kuliko wenzao weupe, katika mazoezi yaleyale na viatu vilevile. Wengi wa askari hao waliandikishwa kutoka Ghana, Gambia na nchi nyingine za Jumuiya ya Madola. Baadhi yao, walipoachishwa kazi kwa miguu isiyoweza tena kuvumilia hata ubaridi wa sakafu, waliishtaki Wizara mahakamani na kulipwa fidia. Mashauri ya namna hiyo yameendelea kupelekwa mahakamani, na ndani yake mwanasheria huuliza soksi ngapi zilitolewa, ni nani aliyekagua miguu, na mtu alikaa ndani ya buti lililolowa kwa saa ngapi.